Malalamiko kuhusu kruza mliyoiweka mahali pa HMS Hawkins katika msafara wa Kilindini

Likoni, Mombasa
17 Februari 2025

Kwa Mkuu wa Idara ya Huduma kwa Wachezaji,

Bwana au Bibi,

MINT: KRUZA ISIYO YAKE KATIKA MISHENI YA FEBRUARI 1944, NA OMBI LA KUIINGIZA HMS HAWKINS

Hii ni barua yangu ya nne kwenu. Mbili za mwanzo zilijibiwa na mashine. Ya tatu ilijibiwa na mtu kwa sentensi mbili, na ni hizo sentensi mbili zilizonikalisha mezani usiku huu niandike kwa kirefu.

Mimi ni karani wa kuhesabu shehena katika bandari ya Kilindini, huu ukiwa mwaka wa kumi na sita. Gemu yenu ya vita vya majini naicheza jioni nikitoka kazini, mara nyingi na mpwa wangu wa miaka kumi na minne. Mwezi Disemba nililipa shilingi 3,200 kununua pakiti yenu ya Bahari ya Hindi. Sikuvutiwa na rangi mpya wala bendera. Nililiona neno moja kwenye maelezo: Kilindini. Miaka yote niliyocheza sijawahi kuona jina la bandari yetu ndani ya gemu yoyote, na mkononi mwangu fedha hiyo haikukaa hata dakika tano.

Ndani ya pakiti mna misheni ya kusindikiza msafara wa meli za askari kutoka Kilindini hadi Colombo, Februari 1944. Nikaifungua. Mbele ya msafara inakwenda kruza, yaani manowari kubwa yenye kasi, ya Kiingereza, yenye mizinga minane ya kipenyo cha milimita 203, miwili miwili katika minara minne ya chuma inayozunguka, na mabomba matatu marefu ya moshi. Anayezijua meli hizi hahitaji kusoma jina: ni kruza ya kundi la County, meli za Kiingereza zilizojengwa kwa ramani moja. Haikuwa hiyo.

Msafara ule uliitwa KR 8. Uling'oa nanga Kilindini tarehe 5 Februari 1944 ukiwa na meli tano za abiria: Khedive Ismail, City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga. Kruza iliyousindikiza ni HMS Hawkins. Distroya mbili, yaani manowari ndogo za kasi za kulinda misafara, Petard na Paladin, zilijiunga nao baadaye baharini. Haya si mambo ya siri wala ya kubishaniwa. Yamo katika kumbukumbu za jeshi la majini la Uingereza kwa zaidi ya miaka sabini. Mmeyapata majina ya distroya zote mbili sawasawa. Nyambizi ya Kijapani I-27 mmeipata pia. Mmekosea kruza peke yake, nami sikudhani ni bahati mbaya, ndiyo maana nikauliza.

Jibu lenu lilisema kwamba mizinga ya Hawkins ni ya milimita 190, hivyo meli hiyo haifikii daraja la kruza nzito katika mfumo wenu. Na kwamba wachezaji wa ukanda wetu ni wachache mno kuhalalisha gharama ya kuunda meli mpya.

Nianze na kipenyo cha mizinga. Neno lenyewe kruza nzito lina maana ya kisheria, na halikutungwa na watengenezaji wa gemu. Mkataba wa London wa mwaka 1930, wa mataifa kudhibiti manowari zao, uliweka mpaka kwenye milimita 155: kruza yenye mizinga mikubwa kuliko hapo iliingia kundi la nzito, yenye midogo ikaingia kundi la nyepesi. Milimita 190 imeuvuka mpaka huo mbali sana. Waingereza wenyewe walihesabiwa Hawkins na dada zake katika mgao wao wa kruza nzito.

Lakini kuna zaidi. Mkataba wa Washington wa mwaka 1922 ndio uliosema kruza zisizidi tani 10,000 na mizinga yake isizidi milimita 203. Mnajua kiwango hicho kilitoka wapi? Uingereza ilikuwa imetoka tu kuunda Hawkins na wenzake, meli za tani kama 9,800 zilizobuniwa wakati wa Vita vya Kwanza ziwinde manowari za Kijerumani zilizokuwa zikivamia meli za biashara bahari zote za dunia. Hawakuwa tayari kuzivunja meli mpya. Kiwango kikapangwa kikizingatia meli hizo, na baada ya hapo kila taifa likakimbilia kujenga kruza ya kufika kwenye ukingo wa mkataba: Marekani, Japani, Ufaransa, Italia. Kruza zote nzito mnazotuuzia zimezaliwa kwenye kivuli cha Hawkins. Mmeuza wajukuu ishirini, na bibi yao mmemfungia mlango mkisema hana sifa ya kuwa wa ukoo.

Sasa niseme jinsi ninavyotaka itengenezwe, kwa sababu sikuja kulalamika mikono mitupu.

Hawkins ilijengwa katika karakana ya Chatham, ikashushwa majini tarehe 1 Oktoba 1917 na kukamilika mwaka 1919. Ina mizinga saba, kila mmoja peke yake nyuma ya ngao, si ndani ya mnara. Mitano imepangwa kwenye mstari wa katikati, miwili mbele na mitatu nyuma. Iliyobaki imekaa ubavuni, mmoja kila upande. Kwa hiyo ikipiga kwa ubavu inatoa makombora sita, si saba. Tafadhali msiikosee hesabu hiyo. Kasi yake mpeni noti 30, yaani maili 30 za baharini kwa saa, na msiongeze. Bamba lake la ubavuni ni jembamba, unene wa milimita 76 pale lilipo nene kabisa, na atakayeipeleka uso kwa uso na kruza ya miaka ya thelathini azame, ndivyo ilivyokuwa.

Kombora lake lina uzito wa ratili 200, karibu kilo 90. Hapo ndipo nataka mtulie kidogo. Kilo 90 ni gunia la mahindi la Kenya. Nimesimama gatini miaka kumi na sita na kalamu yangu nikiwatazama wapagazi wakibeba gunia hilo. La kwanza mtu hulirusha begani kama si kitu. Kufika la thelathini shingo imekakamaa, magoti yanatafuta sakafu, na anapolitua unasikia pumzi ikimtoka yote. Basi mizinga ya Hawkins ilihudumiwa kwa mikono ya watu, sitahani, meli ikiyumba, mvua ikinyesha. Kwa hiyo ipeni kasi nzuri ya kupiga mwanzo wa pambano, kisha ipungue kadiri vita vinavyorefuka. Hakuna meli nyingine katika gemu yenu yenye tabia hiyo, na ingemfundisha mchezaji kuchagua wakati wake wa kupiga. Hiyo ndiyo meli mliyoiita isiyostahili.

Tena haikukaa bure. Februari 1941, majeshi ya Jenerali Cunningham wa Uingereza yalipovuka kutoka Kenya kuingia Somalia ya Waitaliano, Hawkins ilikuwa miongoni mwa meli zilizofanya kazi mwambao huo, na meli kadhaa za adui zilizojaribu kutoroka Kismayu ziliangukia mikononi mwake. Juni 1944, miezi minne tu baada ya msafara wetu, ilikuwa mbele ya ufuo wa Utah, Normandy, Ufaransa, ikiyapiga maboma ya Wajerumani alfajiri ya siku majeshi ya Washirika yalipotua. Kilindini hadi Normandy ndani ya miezi minne! Mwaka 1947 waliitumia kama shabaha ya majaribio ya mabomu, kisha ikauzwa kwa wakataji chuma.

Kuna jambo moja la jina lake ambalo sitalipita. Sir John Hawkins ni baharia Mwingereza aliyeanza safari za biashara ya watumwa mwaka 1562, akichukua watu Sierra Leone na kwenda kuwauza Hispaniola, kisiwa cha Karibi. Nembo ya ukoo aliyopewa ilikuwa na Mwafrika aliyefungwa kamba. Mimi ni mtu wa pwani hii, na sihitaji kuelezwa minyororo ni nini. Siwaombi mumtukuze. Naomba katika maelezo ya meli muandike wazi alikuwa nani, kisha mwandike kwamba meli iliyobeba jina lake ilitoka Kilindini ikiwalinda askari Waafrika. Wachezaji wayasome yote mawili.

Maana katika Khedive Ismail mlikuwa na askari 996 wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki. Walikuwa wakielekea Ceylon, Sri Lanka ya leo, njia ya kwenda vita vya Burma. Lugha iliyowaunganisha vijana wa makabila mbalimbali katika majeshi yale ilikuwa hii hii ninayowaandikia. Pamoja nao walikuwamo mabaharia, na wauguzi wa kike wa jeshi zaidi ya hamsini. Tarehe 12 Februari, saa nane na nusu mchana, katika mlango wa bahari kusini mwa Maldivi, I-27 iliipiga meli hiyo kwa topido, kombora linalokwenda chini ya maji. Ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Waliokufa ni 1,297. Waliopona ni wanaume 208 na wanawake sita. Nyambizi ilijificha chini ya watu waliokuwa wakielea, na distroya zikalazimika kurusha mabomu ya kina, yanayolipuka chini ya maji, karibu nao. Ndivyo ilivyosakwa hadi Petard ikaizamisha kwa topido.

Kruza haikuwa chombo cha kuwinda nyambizi. Kazi yake msafarani ilikuwa kumzuia adui wa juu ya maji. Ninyi kruza yenu mmeipa kifaa cha kunasa nyambizi, na mchezaji akiwa mwepesi msafara mzima unaokoka. Nalielewa hilo, ni mchezo, na mchezaji apewe nafasi ya kushinda. Lakini Jumatano iliyopita, tarehe 12 Februari, nilikaa na mpwa wangu tukaicheza misheni hiyo kwa makusudi, siku ile ile. Dakika ya sita topido ziligonga. Meli ilikatika, ikatoweka, na juu kulia mwa skrini pakatokea maandishi mekundu: "Meli ya uchukuzi imepotea, -200."

Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, hiyo mia mbili ndiyo idadi ya watu?"

Nilizima mashine. Nilimweleza nilichoweza. Majina ya wengi wa askari wale yamechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu katika Makaburi ya Vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong, kwa kuwa hawana kaburi. Nimemwahidi kumpeleka shule zitakapofungwa.

Kuhusu uchache wetu, nasema hivi. Mlipolitia neno Kilindini kwenye tangazo mlijua litamgusa nani. Mmechukua fedha yangu kwa jina la bandari ninayofanya kazi, mkauza msafara ulioondoka kwenye mlango ninaouona kila asubuhi kutoka kwenye feri, halafu mkaniambia watu wa hapa hatutoshi kurekebishiwa kosa. Askari 996 walitosha kupakiwa melini.

Ninachotaka ni hiki. Kruza ya misheni hiyo iondolewe na HMS Hawkins iundwe, kwa vipimo nilivyovitaja, na msiifanye ya kulipia kwa sisi tuliokwisha kununua pakiti. Wakati inaundwa, jina la Kikosi cha 301 liandikwe katika maelezo ya misheni pamoja na idadi ya waliokufa. Hilo ni kazi ya siku moja na halihitaji fundi wa kuchora. Maandishi ya -200 yatolewe leo. Na barua hii ijibiwe na mtu mwenye jina na cheo, ndani ya siku 21. Zikipita bila jibu, narudisha pakiti na nataka shilingi zangu 3,200 zirudi kwenye akaunti niliyolipia.

Nimeambatisha risiti ya malipo, nakala ya jibu lenu la sentensi mbili, na picha tatu za skrini. Ya tatu ni ile ya dakika ya sita.

Wenu,

Karani wa shehena, Kilindini