Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mboji na Udongo wa Bustani Zetu, Lubumbashi

Ndugu wanachama, wamama na wababa,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Kwa ufupi, michango ilinunua uma za kugeuzia mboji na madumu ya maji. Mimi nitasemea udongo.

Udongo wetu mwekundu una uchachu na haushiki virutubisho vingi. Mvua za Novemba hadi Machi huvizamisha chini, mizizi ya lengalenga (mchicha) isikofika. Ndiyo maana mbolea ya dukani peke yake haikai. Mboji hukaa, mradi imeiva.

Malundo mengi ya mboji yalikwama kwa ukavu. Yalianzwa Julai, nyasi zimekauka na usiku ni wa baridi, mchwa wakayala kabla hayajapata joto. Tuanze Aprili, majani mabichi yangali tele.

Lundo lisipungue mita 1 kila upande, na kimo hichohicho. Dogo halishiki joto. Chini tandaza mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, sentimita 15, hewa ipite. Juu yake nyasi kavu sentimita 20, majani mabichi 10, samadi ya kuku au mbuzi 5. Mwagilia kila tabaka, rudia, kisha funika kwa majani ya migomba. Kamua konzi moja: yakidondoka matone mawili matatu, maji yanatosha, yakitiririka, yamezidi. Chomeka fimbo hadi katikati. Siku ya 5 ichomoe: inatakiwa iwe ya moto. Nyuzi 55 hadi 65 kwa siku kadhaa huua mbegu za magugu, lakini katikati tu. Kwa hiyo kila wiki 3 geuza, ya nje yaingie ndani. Kwa miezi 3 au 4 itakuwa nyeusi na kunukia kama udongo wa msituni.

Harufu kali ya mkojo maana yake samadi imezidi: ongeza nyasi kavu. Harufu ya yai bovu ni maji mengi na hewa haba: geuza. Majivu yasichanganywe na samadi mbichi, yanafukuza naitrojeni, kirutubisho cha kukuza majani. Yanyunyize kwenye tuta baadaye. Mizizi ya nyanya yenye vinundu ichomwe, isiingie kabisa. Na tafadhali, majani ya kiangazi tusiyachome: naitrojeni karibu yote huenda na moshi.

Mboji isiyoiva huinyang'anya mimea naitrojeni, majani yakawa ya manjano. Ipime kwa mbegu za lengalenga kwenye kopo la mboji hiyo. Zikiota vizuri, weka kilo 2 hadi 3 kwa kila mita 1 ya mraba.

Walio karibu na viwanda vya kuyeyushia shaba wasikie hili vizuri. Vumbi lake lina metali za shaba, kobalti, risasi na kadimi, ambazo zikizidi ni sumu. Mboji na chokaa huzuia sehemu ya shaba isipande kwenye mboga, ila haziiondoi udongoni, na kadimi haishikwi sana. Takataka za barabarani zisiwekwe kwenye lundo, na matembele yaoshwe kwa maji mengi.

Uma na madumu yataanza kuzunguka mtaa kwa mtaa wiki ya kwanza ya Aprili. Jiandikishe kwa katibu, na mabua uwe umeshayakata.