Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka wa Vilengeo vya Wazi

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji, nawasilisha kwenu taarifa ya kazi za chama kwa mwaka unaomalizika. Mahesabu atayasoma mweka hazina, nami sitamwingilia, ila niseme tu kwamba chama hakidaiwi. Nitakaa zaidi kwenye jambo lililochukua muda wetu mwingi: uamuzi wa mkutano mkuu uliopita kwamba kila mwanachama mpya aanze kujifunza bunduki ya upepo kwa vilengeo vya wazi, yaani kijiti cha mbele na pengo la nyuma, bila darubini, na kwamba vilengeo hivyo viwe na daraja lake la mashindano.

Uamuzi ule haukupita kirahisi. Wapo waliosema tunawarudisha vijana nyuma. Wengine walikumbusha kwamba tangu bunduki ya upepo ya mita 10 ilipoingia kwenye Olimpiki, Los Angeles mwaka 1984, walengaji wake hutazama kupitia tundu dogo la kilengeo cha nyuma. Ni kweli. Lakini bastola ya upepo, iliyoingia miaka minne baadaye huko Seoul, hupigwa mpaka leo kwa kijiti cha mbele na pengo la nyuma, na darubini hairuhusiwi kwenye mchezo wowote kati ya hiyo miwili. Anayejifunza kijiti na pengo anajifunza kitu ambacho mabingwa wa dunia wanakitumia.

Mwaka mzima nimesimama nyuma ya wanafunzi, na sasa naamini kuliko nilivyoamini siku ya kura kwamba vilengeo vya wazi vinamfundisha mtu kuliamuru jicho lake. Mbele ya mlengaji kuna vitu vitatu vilivyo umbali tofauti: pengo, kijiti na shabaha. Jicho haliwezi kuviona vyote vizuri kwa wakati mmoja, kwa hiyo kimoja kiwe wazi na vingine vififie. Kinachotakiwa kuwa wazi ni kijiti. Mgeni hukubali kwa maneno, lakini akishika bunduki macho yanakimbilia ule mduara mweusi, maana ndiko anakotaka risasi ifike.

Hapo tunamfanyia hesabu. Tuseme vilengeo viwili vya bunduki vimeachana nusu mita. Shabaha iko mita 10, yaani mara 20 ya umbali huo. Kijiti kikiegemea ukingo mmoja wa pengo kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, risasi itakosea milimita 2. Kwenye karatasi ya kimataifa ya bunduki ya upepo, upana wa pete moja ni milimita 2.5, na kumi yenyewe, yaani alama ya juu iliyo katikati, ni nukta ya nusu milimita. Mtikisiko wa mkono mlengaji huuona juu ya shabaha kwa ukubwa wake halisi, lakini kosa la vilengeo linajificha machoni kisha linakua njiani. Ndiyo maana walimu wetu wanarudia maneno yaleyale kila Jumamosi: mwanga ulingane kushoto na kulia kwa kijiti, na kichwa cha kijiti kiwe sawa na mabega ya pengo. Wanafunzi waliolishika hilo mapema wamepanda haraka kuliko waliokuja na mikono mizito isiyotikisika.

Kwa kuwa kumi ya nusu milimita ingewakatisha tamaa bure, daraja jipya tumelipiga kwenye karatasi ya bastola ya upepo, ambayo kumi yake ina kipenyo cha milimita 11.5 na weusi wake milimita 59.5. Tumefundisha kulenga chini ya mduara na kuacha ukanda mwembamba mweupe, kwani kijiti cheusi kikiingia ndani ya weusi ncha yake hupotea. Na kwa wale wanaoendelea kuuliza: kilengeo cha nyuma kipeleke kule unakotaka risasi iende. Zikianguka chini, kipandishe. Zikivutwa kushoto, kisogeze kulia.

Katikati ya mwaka yalikuja malalamiko kuhusu nafasi mbili za upande wa dirisha. Waliopangiwa hapo mchana walikuwa wakikusanya vizuri, matundu yamekaribiana, lakini kundi lote limehamia kulia. Fundi wetu alikagua bunduki, akakaza skrubu za kitako, akajaribu risasi za kopo jingine. Hakuna kilichobadilika. Mwishowe mwalimu mmoja aliweka jicho nyuma ya vilengeo saa ileile ya jua na kuona kwamba upande wa kulia wa kijiti ulikuwa unang'aa. Rangi nyeusi ilikuwa imechubuka, chuma kiko wazi. Ukingo unaong'aa ulikuwa ukipotea kwenye weupe wa karatasi, na mlengaji, bila kujua, alikuwa akiweka katikati ya pengo ile sehemu nyeusi iliyobaki. Mtutu ukawa unasogea kulia. Kijiti kilipakwa masizi ya mshumaa, na kundi likarudi katikati siku hiyohiyo. Tumenunua mapazia, na kibati cha masizi kimewekwa kwenye meza ya msimamizi. Kitumieni.

Wanachama wenye umri mkubwa wameniletea jambo jingine, na nalichukulia kwa uzito kwa sababu baadhi yao ndio waliokianzisha chama. Kuanzia miaka ya arobaini lenzi ya jicho hukakamaa, na kijiti kinaanza kuonekana kama kimefunikwa ukungu. Miwani ya kusomea haisaidii sana kwa kuwa imepimwa kwa umbali wa kitabu. Waliofanikiwa ni wale waliopima kwa utepe umbali kutoka jichoni hadi kwenye kijiti, bunduki ikiwa begani, kisha wakampelekea mtaalamu wa macho kipimo hicho ili awatengenezee lenzi ya jicho la kulengea. Mzee mmoja aliyekuwa ameacha kushindana amerudi mstarini kwa njia hiyo, na furaha yake niliiona mwenyewe. Kamati inapendekeza tutenge fungu dogo la kuwasaidia wengine.

Bunduki za springi zimeendelea kutumika kwa wanaoanza, na ni walimu wakali. Pistoni ikiruka, bunduki husukumwa nyuma kisha mbele wakati risasi bado imo ndani ya mtutu. Anayeikaba kwa nguvu leo na kuilegeza kesho hatapata kundi. Ishikeni kwa wepesi uleule kila mara, msiilaze juu ya kitu kigumu, na baada ya kufyatua endeleeni kutazama kijiti kabla ya kuinua kichwa. Msizifyatue tupu, kwani pistoni hujigonga na kuharibika.

Usalama. Hakuna aliyeumia mwaka huu, na nawashukuru wasimamizi wa mstari kwa ukali wao. Bunduki ya upepo si kitu cha kuchezea, na risasi inayogonga chuma hurudi, kwa hiyo miwani ya kinga inabaki lazima kwa wapigaji na watazamaji. Mtutu uelekee shabaha, kidole kikae nje ya kifyatulio, na kibendera cha kuonyesha kwamba bunduki haina risasi kiwe ndani ya chemba hadi amri itolewe. Lililolegea ni usafi. Madini ya risasi ni sumu inayoingia mwilini polepole, na nimekuta watu wanakula kwenye mstari. Kuanzia sasa chakula hakiingii ukumbini, kila mtu atanawa kwa sabuni anapotoka, na sakafu itapigwa deki kwa kitambaa chenye maji, kwani ufagio mkavu hupeperusha vumbi la sumu.

Mbele yenu leo kuna mapendekezo matatu: daraja la vilengeo vya wazi liwe la kudumu, fungu la lenzi lianzishwe, na chama kinunue vizibo vyeupe vya jicho lisilolenga, ili wanafunzi waache kulikunja jicho hilo, jambo linalochosha hata lile linalolenga. Wenzetu wa darubini wameomba warudishiwe jioni moja ya wiki waliyoipoteza. Ombi lao ni la haki, na kamati inaliunga mkono. Katibu atagawa karatasi za kura mara baada ya taarifa ya mweka hazina.