Yule wa maua kichwani

Shoga'ngu wa mie, assalam alaykum,

Voisi yako nimeisikiliza mara tatu, ya mwanzo nilikuwa nnapaka hina na mteja kanyoosha mguu hapo hapo mbele yangu, nikaizima mbio maana ulikuja juu wallahi, "na hilo limtu la maua ulilolitia status ndo nini, umeanza mambo gani tena?" Nikasema hii sijibu kwa voisi, hii ntaiandikia barua, na maandishi yangu unayajua toka skuli hayana nukta wala nini, vumilia.

Mtu mwenyewe anaitwa Marsha P. Johnson, Mmarekani mweusi, keshakufa zamani 1992. Kazaliwa 1945 mji unaitwa Elizabeth, New Jersey, kazaliwa mtoto wa kiume, watoto saba nyumba moja, baba wa kiwanda cha magari, mama akifanya kazi nyumba za watu, familia ya kanisani sana. Ana miaka mitano keshaanza kuvaa magauni, akaja akaacha kwa ajili ya kuonewa na watoto wa kiume wa hapo jirani. 1963 kamaliza skuli akashika njia ya New York na dola 15 na mfuko wa nguo, basi. Huko ndo akajipa jina mwenyewe. Johnson kaliokota kwenye mkahawa, Howard Johnson's, na ile P sasa, hapo ndo aliponimaliza, watu wakimuuliza P ya nini, au weye mwanamme au mwanamke, anawajibu ni ya "Pay it no mind", maana yake usilitie maanani. Inasimuliwa siku moja kamjibu hakimu vivyo hivyo mahakamani, hakimu akacheka akamwachia. Mie nikasema huyu angezaliwa Unguja maneno yake yangekuwa yashapigwa chapa kwenye kanga zamani, pembeni ya mtasema mchana usiku mtalala.

Siku hizi wanasema transijenda, wakati wake neno lenyewe halijaenea, yeye akijiita kwini tu, yaani malkia. Na wenyewe Wazungu wanagombana hata leo aandikwe kwa neno la kike au la kiume, sie Mungu katupumzisha, yeye ni yeye.

Kazi yake jukwaa. Toka 1972 alikuwa na kundi linaitwa Hot Peaches, wanavaa kike wanaimba wanaigiza wanachekesha watu. Ukisikia hivyo usifikiri madoido ya hela, mwenyewe alisema nguo za bei hawezi, ni za kuokoteza, wigi, kiatu cha plastiki, basi akitokea mtu lazima ageuze shingo. Msanii mkubwa kabisa wa kule, Andy Warhol, alimpiga picha akamtia kwenye michoro yake ya 1975, michoro sasa mali ya makumbusho, na aliyechorwa mara nyengine hana pa kulala.

Na haya maua uliyoyaona ndo yanayonifanya nikuandikie. Alikuwa akilala soko la maua, chini ya meza wanazochambulia, na wauzaji wakimpa yale yaliyobaki yasiyouzika, anajifungia koja anatia kichwani anatoka nalo mjini. Mie nilipolisoma hilo nikaweka simu chini. Weye ulimkumbuka nani? Usinambie hukumkumbuka.

Jina lake silitii humu, unamjua, yule mwanamme wa mtaani kwetu aliyekuwa akipamba maharusi. Kakupamba weye, kanipamba mie, kawapamba dada zako wote wawili. Nnamuona mpaka leo kakaa barazani kwetu, sinia la maua mapajani, mrehani kati, asumini anazungushia moja moja, mlangilangi, mawaridi, ncha ya uzi kaibana na meno na huku anasema watu na meno hayafunguki, kikuba kikimalizika anakinusa kwanza yeye ndo anakupa. Kwenye ngoma ya beni akiingia kati na kanga kiunoni hao wanaume walikuwa wanapiga makofi mpaka wanatokwa jasho, na hao hao kesho yake akipita maskani wanamrushia maneno. Sie wanawake tukijiona bora. Tukimwita shoga, na weye nnakwita shoga, neno moja hilo, ila yeye akiitwa na sisi alikuwa anacheka na akiitwa na wao alikuwa anatazama chini. Nimeliona hilo miaka yote na sijawahi kulisema, ndo nakwambia leo.

Turudi kwa Marsha. Juni 28, 1969 polisi waliivamia baa moja New York inaitwa Stonewall, watu wa namna hiyo walikuwa wakikusanyika hapo na wakamatwaji walikuwa washazoea kukamatwa, siku hiyo wakagoma, pakawa na fujo za siku kadhaa. Watu wanapenda kusema ati Marsha ndo karusha jiwe la mwanzo. Mwenyewe alipoulizwa akasema alifika usiku wa saa nane, kakuta pashachafuka zamani. Ingekuwa sie si tungelidai hilo jiwe mpaka na watoto wetu! Yeye hakulitaka lisilo lake.

Mwaka uliofuata, 1970, akaanzisha chama na mwenziwe Sylvia Rivera, kitoto alichokiokota njiani akakilea kama mdogo wake, chama kinaitwa STAR. Kazi yao kuwachukua vijana waliofukuzwa kwao wakawapa pa kulala. Mwanzo waliwalaza kwenye tela la lori lililoegeshwa, siku moja wanarudi wanaona lori linaondoka na vijana wamo ndani wamelala! Ndo wakatafuta nyumba, mbovu, na kodi sikufichi wakiitafuta kwa kujiuza wao, ili wale watoto wasijiuze. Haikudumu, wakatolewa. Na 1973 wenzao walewale wa maandamano ya kila mwaka ya kuikumbuka Stonewall wakawaambia waliovaa kike msiandamane nasi mnatuharibia sura, wao wakatangulia mbele ya maandamano.

Alikuwa na maradhi ya akili pia, yanakuja yanaondoka, na kukamatwa alisema baada ya mara ya 100 akaacha kuhesabu. Waliomjua wanasema akenda mtoni kurusha maua na vitu vyake kama sadaka, nikasema huyu mtu wa kibuki kabisa, ile ngoma ya mashetani. Na mto huo huo, Hudson, ndo alikokutwa keshakufa Julai 6, 1992, miaka 46. Polisi mara moja wakasema kajiua, rafiki zake wakakataa na wanakataa mpaka leo. Faili limefunguliwa tena 2012, jibu hakuna.

Lakini maziko yake watu hawakutosha kanisani, walijaa mpaka nje, barabara ikafungwa wakaenda na majivu yake mpaka mtoni.

Na wetu? Ulikuwa Wete weye, huko Pemba, huyajui haya. Alikufa alfajiri, mpaka adhuhuri wanaume bado wanatazamana nani aingie kumuosha, mwisho kaingia mjomba wake yule mzee na kijana mmoja. Ndani sisi tumejazana hata pa kuweka mguu hamna, maharusi wake wote, kuna walokuja na wajukuu, tunalia, na mwanamke haendi kaburini. Jeneza likatoka. Mie nilichungulia dirishani nikahesabu, ishirini hawakufika, na wale wa makofi ya beni nikawaona maskani pale pale na kahawa zao, mmoja kageuka akatazama upande wa pili. Shoga'ngu, hilo limenikaa hapa mpaka sasa.

Kwa hivyo usinambie nimeingia mambo gani. Dini nnaijua, sheria ya hapa nnaijua, sikuandikii fatwa. Nimeona picha ya mtu kavaa koja nikamkumbuka mtu nikaitia status, na mwenyewe unajua zinafutika siku moja tu, saa hizi haipo, unagombana na hewa.

Haya. Jumamosi nna harusi mbili, ya Jang'ombe na ya Kikwajuni, na mlangilangi huku umeadimika sijui una nini. Mwanao akija na boti Alkhamisi mpe fungu la huko kwenu na mkadi ukipata, hela ntarusha kwenye simu. Utie kwenye jani la mgomba, usiutie plastiki, unavia, na hiyo plastiki yenyewe watamkamata nayo bandarini.

Nisalimie mama, mwambie goti asikandie maji ya moto sana.

Shoga'ko wa mwanzo