Taarifa ya Mwenyekiti wa Jumuiya kwa Mwaka 2025

Wanajumuiya wapendwa, Tumsifu Yesu Kristo!

Mapato na matumizi mtasomewa na mhazini. Kutembelea wagonjwa na kufariji wafiwa kulikwenda vizuri, na ninawashukuru. Naomba muda uliobaki niutumie kwa jambo lililonikaa moyoni tangu Aprili.

Kwaresima tunaiweza. Njia ya Msalaba kila Ijumaa, bahasha za sadaka zinarudi, na sala ya alfajiri watu wanakosa pa kukaa. Ikifika Pasaka tunavaa vizuri, tunakula pilau, basi. Kwaresima ni siku 40. Kipindi cha Pasaka ni siku 50, mwaka huu kuanzia 20 Aprili hadi Pentekoste, 8 Juni. Kanisa limetupa siku nyingi za kufurahi kuliko za kufunga, nasi tunaitumia moja.

Jumamosi ya 26 Aprili tulikuwa watu watano kwenye sala, pamoja na mwenye nyumba. Siku hiyohiyo Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki Jumatatu ya Pasaka, alikuwa anazikwa Roma. Nilikuwa nimevunjika moyo. Ndipo bibi yetu mmoja akafungua pindo la khanga, akatoa kipande cha mshumaa aliotoka nao kwenye Mkesha wa Pasaka, bado una kile kikaratasi cha kuzuia nta isidondokee vidole. Akauwasha, akaimba taratibu: “Mwanga wa Kristo.” Tukaitikia: “Tumshukuru Mungu.” Sala ya asubuhi ile sitaisahau.

Tangu hapo kila sala ya jumuiya tuliianza kwa mshumaa na maji yaliyobarikiwa usiku wa Mkesha, yale ambayo wengi wetu huyasahau kwenye chupa juu ya kabati. Hadi Pentekoste tulisali Malkia wa Mbingu, sala ya kipindi cha Pasaka, badala ya Malaika wa Bwana ya siku nyingine, tukiwa tumesimama. Mama mmoja amenieleza kwamba sasa mwanawe wa chekechea hatoki kwenda shule kabla hajachovya kidole na kufanya ishara ya msalaba. Ubatizo wake ameukumbuka kuliko sisi wazee!

Mwezi Julai tulilegea. Sala ilipohamia kaya nyingine mshumaa uliachwa nyuma, na sisi viongozi hatukuufuatilia. Hilo ni kosa letu, naomba mtusamehe. Tulianza tena Septemba, kila Jumamosi, na Dominika baadhi ya familia huuwasha mezani, maana kila Dominika ni Pasaka ndogo.

Pasaka ijayo ni 5 Aprili 2026. Usiku wa Mkesha, tafadhali, mishumaa isitupwe pale getini. Kila familia irudi na wake, na chupa ya maji. Ratiba ya sala za siku zote 50 iko kwa katibu, na kaya ambayo haijachukua zamu yake imwone leo kabla hatujafunga kikao.