Kisutu, zidaka na mashine yako mpya

Vuga, Unguja

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku kwetu tu wazima sote, Alhamdulillah. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, kisha nikaurudia. Hongera kwa posa kujibiwa na tarehe kupangwa, na hongera kwa mashine ya kukatia karatasi. Umeniuliza mengi kwa pamoja, na kwa sauti nisingeweza kuyajibu yakatulia, ndiyo nimeamua kukuandikia, upate kuisoma barua hii ukiwa mezani na karatasi zako.

Naanza na lile ulilolisema mwishoni, kwamba umeona mitandaoni mafaili ya mapambo yaliyo tayari, ya kununua, na unataka kuujaza ukumbi waridi, vipepeo na mioyo. Nakuomba usiyanunue. Si mabaya, ila yamekwisha kukatwa kwa harusi za kila mahali, na bi harusi wetu ni mtoto wa Mombasa mwenye bibi wa Lamu. Mapambo ya harusi yake yamo kwenye kasha lako la nguo na kwenye kuta za nyumba ya bibi yake. Nataka wazee watakaoingia ukumbini wanyanyue macho waseme, hiki nakijua. Hilo haliuzwi mtandaoni. Unachohitaji ni simu yenye kamera nzuri, na kujua namna ya kuiandaa picha kabla ya kuipa mashine. Mashine inakata ilichopewa tu. Kazi yenyewe iko kwenye picha.

Anza na kisutu, ile kanga ya harusi. Ndicho kinachomfaa bi harusi, na ndicho chepesi kukata, kwa kuwa rangi zake ni tatu tu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na chapa ya kanga ni bapa, haina kivuli. Tafuta kilicho kipya, hapo Biashara Street hukikosi. Kile kilichofuliwa miaka, weusi wake umechujuka na programu haitajua pa kuutenga na wekundu. Kipige pasi, kitandaze chini, kivulini na si juani, na simu uishike juu yake ikiwa imelala sambamba na sakafu. Usipige kanga nzima. Piga pindo peke yake, kisha mji, yaani ile sehemu ya katikati, peke yake, na kila mara ujaze picha kwa hicho unachokitaka. Mkeka wa mashine yako, ule wa kunata unaoshikilia karatasi, ni inchi 12 kwa 12, yaani sentimita 30 na nusu, na kwa ukubwa huo picha yenye upana wa pikseli 3,500 inatosha kabisa. Simu yako inatoa hizo, mradi usijitumie picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, maana huibana. Itume kama hati, au tumia waya.

Kwenye kompyuta weka GIMP, programu ya kuhariri picha, ni ya bure. Fungua picha, chukua ile zana ya kuchagua kwa rangi, gusa wekundu, na kila penye wekundu patachaguliwa. Pajaze rangi nyeusi kwenye tabaka jipya lililo jeupe. Weusi nao ufanyie hivyo hivyo kwenye tabaka lake. Sasa una michoro miwili kutoka kanga moja. Ukiivuta karibu utaona kingo zake zina vijinomeno vidogo vidogo, ni nyuzi za pamba hizo. Mashine ikipewa kingo za namna hiyo itakata kila kijinomeno, na karatasi itachanika. Dawa yake ni kuififisha picha kidogo, kidogo tu, kisha kutumia ile zana inayogeuza kila doa kuwa jeusi au jeupe, pasibaki kijivu. Kingo zitatoka laini kama zimechorwa kwa kalamu. Hatua hii wengi wanairuka, kisha wanamlaumu wembe.

Ukimaliza, hifadhi kila tabaka kama PNG, faili ya picha ya kawaida. Umeniambia yako ni Cameo. Toleo la bure la Silhouette Studio, programu inayoiendesha, halifungui faili za SVG, zile za michoro ya mistari, kwa hiyo usihangaike nazo; ipe PNG, iambie ifuatishe kingo, na mistari ya kukatia itatokea. Karatasi nyeupe nzima iwe chini, juu yake ile nyekundu iliyokatwa, juu yake nyeusi. Utapata pindo la kisutu la karatasi la kuzungusha meza ya bi harusi, na vipande vidogo vya mji wake vinafaa kubandikwa kwenye vikasha vya halua.

Zidaka ni jambo jingine, na hapa naomba unisikilize vizuri, maana ndipo moyo wangu ulipo. Zile zidaka za chokaa, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo, kwenye nyumba za kale za Lamu ni nyeupe juu ya nyeupe. Kinachokufanya uone umbo ni kivuli peke yake. Milango ya nakshi nayo ni hivyo hivyo, iwe ya kwenu Mji wa Kale au ya huku Mji Mkongwe: ua la yungiyungi, mnyororo, samaki, vyote ni mbao ya rangi moja iliyochimbwa. Ukiiambia programu ifuatishe picha ya mlango, itafuatisha vivuli, na vivuli vya saa mbili asubuhi si vya saa kumi jioni. Utapata madoa tu. Kanga iachie programu. Nakshi ya mbao na chokaa ichore kwa mkono wako.

Usiogope, kuchora huku si usanii mkubwa. Simama sawasawa mbele ya kidaka, simu iwe usawa wa katikati yake, rudi nyuma hatua kadhaa kisha vuta karibu, maana ukipiga kwa karibu sana kingo zinapinda. Piga wakati mwanga unaingia kwa ubavu, dirishani au mlangoni, uone kila mchimbo. Kama bado picha imekaa upande, Snapseed kwenye simu ina sehemu ya kunyoosha mlalo, hiyo inatosha. Kisha ifungue picha kwenye Inkscape, programu ya kuchorea mistari kwenye kompyuta, ipunguze ukolezo mpaka ionekane kwa mbali, na chora mistari yako juu yake. Chora nusu tu ya kidaka, nusu ya pili igeuze kama ya kiooni, maana mafundi wale walifanya pande mbili zifanane. Waridi la mlangoni chora petali moja, lizungushe. Mnyororo chora pete moja, irudie. Utakapokuwa unafuata mkono wa fundi aliyefanya kazi hiyo karne mbili au zaidi zilizopita, utagundua alivyopima. Mimi kila nichorapo hujikuta namshukuru mtu nisiyemjua jina. Ukimaliza, toa mchoro wenyewe kama PNG, uende kwenye mashine njia ile ile ya kisutu.

Nikwambie na kwa nini nang'ang'ania milango. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Jumba la Maajabu, hapa Mji Mkongwe, iliporomoka. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 enzi za Seyyid Barghash, na sote tulidhani lipo tu, litakuwapo. Tangu hapo sipiti penye mlango mzuri bila kuupiga picha kutoka mbele, mzima, kisha kila nakshi peke yake. Nyumba ya bibi yenu pale Mkomani, Lamu, nayo ifanyie hivyo, hata zile zidaka ambazo hutazikata kwa harusi hii. Ikiwa nyumba imefungwa, nenda kwenye Nyumba ya Makumbusho ya Waswahili hapo hapo Lamu, zidaka zipo, omba ruhusa upige.

Wazo langu kwa ukuta wa nyuma ya bi harusi ni hili: safu za zidaka za manila nyeupe, kila kimoja matabaka matatu, tabaka la mbele likiwa na tao kubwa, la kati dogo kidogo, la nyuma limejaa. Kati ya tabaka na tabaka weka vipande vya sponji ya kubandikia vyenye unene wa milimita chache, ili kivuli kiingie. Usitie rangi. Usitie kumetameta. Weupe huo huo, na kivuli, na ndani ya vichache weka taa ndogo za betri na kishada cha asumini. Mishumaa hapana kabisa, karatasi ni karatasi.

Sasa mambo ya kukata. Kumbuka kwamba kila kipande unachotaka kibaki lazima kishikane na kingine. Ukikata jina la bi harusi kwa kutoboa, tumbo la herufi a na o litaanguka, kwa hiyo acha kijidaraja chembamba cha kulishikilia, kisipungue milimita 2, la sivyo kitachanika ukikibandua. Jina lake kwa herufi za Kiarabu litapendeza zaidi, ila nukta zote zinaelea peke yake. Ama uziunganishe na fremu, ama uzikate kando uzibandike moja moja kwa kibano. Mimi nazibandika, mwandiko unabaki na heshima yake.

Na katika hilo la heshima, nina neno. Umesema unataka Bismillahi kwenye kila sahani. Usifanye, shoga yangu. Karatasi za sahani zitakanyagwa na kutupwa usiku huo huo. Kata Bismillahi moja, kubwa, nzuri, uitie fremu na kioo, iwe mlangoni siku ya harusi na baadaye iende nyumbani kwa maharusi. Picha za watu pia ulizitaja, ile ya marehemu bibi. Inawezekana kuipunguza iwe na rangi nne tu za kijivu na kukata kila rangi karatasi yake, lakini waulize wazee wa upande wa bwana harusi kwanza. Wako wasiopenda sura kutundikwa, na si vizuri wakutane nayo ukumbini.

Hewa ya pwani unaijua. Manila huvuta unyevu, hulegea, na karatasi iliyolegea wembe huiburuta badala ya kuikata. Ihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, utoe unazozikata siku hiyo tu. Kabla ya kila aina mpya ya karatasi kata kipande kidogo cha majaribio pembeni. Kama hakijatoka safi, ongeza kina cha wembe kidogo kidogo, usiruke. Mkeka ukipoteza unata, uoshe kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, uache ukauke wenyewe, gundi ikiangalia juu. Usiupanguse kwa taulo, vumbi la uzi litabaki pale pale. Na ukitaka kubandua kazi iliyokatwa, geuza mkeka juu chini mezani, kisha kunja mkeka, usivute karatasi. Ukivuta karatasi itajikunja na haitanyooka tena. Vile vipande vya ndani vichokoe baadaye, kwa sindano au ncha ya kisu.

Stika za glasi za sherbeti hizo nazo zinakatika kwa mashine yako, ila muda ni mchache. Ningekuwa wewe ningeziacha, nguvu zote zikaenda kwenye ukuta wa zidaka na pindo la kisutu. Watoto wa dada yako wape kazi ya kubandika sponji, wataiweza.

Piga picha za kisutu wiki hii, kabla hujakata chochote, unitumie PNG zile mbili nizitazame kingo zake. Zidaka tuzichore pamoja nikija. Nimeshamwambia baba watoto kwamba nitakuja mapema, siji kama mgeni wa siku ya harusi. Niwekee kitanda chumba cha uani, na manila nyeupe nunua nyingi kuliko unavyodhani.

Msalimie sana mama, mwambie naomba dua zake. Bi harusi mbusu.

Ni mimi shogayo,
wa Vuga