Mama, Mwambie Shangazi Sijaingia Freemason

Ithaca, New York
Novemba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nawasalimu wote hapo Ngamiani, Tanga: Baba, Bibi, Shangazi, kaka, na wadogo zangu ambao najua watasomewa barua hii na kucheka. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Majani yameshapukutika yote, theluji ya kwanza imeanguka juzi ikayeyuka, na koti alilonichagulia Baba pale kwenye mitumba linafanya kazi yake kuliko makoti mapya ya wenzangu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, na ule wa Shangazi ulioniletea pia, pamoja na pale alipoanza kulia kwamba nimeingia Freemason. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu mnanikatiza, na kifurushi huisha sijafika hata nusu ya maelezo.

Sijaingia Freemason. Nimeingia chama cha wanafunzi wa kiume hapa chuoni Cornell, huku wanakiita fraterniti. Wasichana nao wana vyao, sororiti. Kila chama kina makao makuu na matawi katika vyuo vingi, na tawi letu lina vijana arobaini hivi, wengi wetu tunaishi nyumba moja. Zile herufi kwenye fulana zetu ni za Kigiriki, zilezile zilizojaa kwenye vitabu vya fizikia vya kaka. Na ile nyumba yenye nguzo mliyoiona mtandaoni si hekalu. Ina vyoo vinavyoziba, na jikoni kuna friji lisilofunga mpaka uliegemeze kiti. Jumapili jioni tunavaa tai, tunakula pamoja, kisha tunafanya kikao ambacho hakuna anayefungua mdomo bila ruhusa ya mwenyekiti, na nusu ya kikao ni kubishana nani hakuosha vyombo.

Siri zipo, sitakuficha. Kuna namna ya kushikana mikono, kuna kiapo, na kuna usiku wa kuapishwa ambao hausimuliwi. Lakini kabla sijakubali niliuliza kama ndani yake kuna ibada yoyote au jambo la kugongana na dini yangu. Nikajibiwa hakuna, na siku yenyewe niliapa nikiwa nimeshika ule msahafu mdogo ulionifungia kwenye begi. Swala sijaacha.

Shangazi ajue pia kwamba si yeye wa kwanza kuogopa. Mwaka 1826, katika mji wa Batavia, jimbo hilihili la New York, mtu mmoja aitwaye William Morgan alitangaza kwamba atachapa kitabu cha kufichua siri za Freemason. Akatekwa, na hakuonekana tena. Watu wakaghadhibika hata wakaunda chama cha siasa cha kuwapinga Freemason, kikasimamisha mgombea wa urais mwaka 1832. Sasa fikiria: ni miaka hiyohiyo, kati ya 1825 na 1827, wanafunzi wa chuo cha Union kule Schenectady walipoanzisha vyama vitatu vya mwanzo vya namna hii, vyenye herufi na siri zao. Walitazamwa kwa jicho gani? Phi Beta Kappa, jumuiya ya wanafunzi iliyovitangulia vyote kwa kuzaliwa Williamsburg, Virginia, Desemba 1776, iliachana na usiri katika joto hilo, na leo ni heshima wanayopewa wanafunzi wenye alama za juu. Kwa hiyo hofu hii ina karibu miaka mia mbili, na huku ilianza kabla ya kufika Tanga.

La kuogopa lipo, ila si hilo. Ni mateso wanayopewa wanaoingia: kunyweshwa pombe, kunyimwa usingizi, kudhalilishwa. Hapahapa Ithaca mwaka 1873 mwanafunzi mmoja, mtoto wa jenerali, alianguka korongoni usiku wakati anaingizwa chamani, akafa. Wamekufa wengine baada yake katika vyuo mbalimbali, wengi kwa pombe. Jimbo la New York linahesabu mateso hayo kuwa jinai, na mwishoni mwa 2024 ikapitishwa sheria ya nchi nzima inayovitaka vyuo vitangaze hadharani vyama vilivyokutwa na hatia. Mimi nilikaririshwa majina ya waasisi na nikapangiwa zamu ya jiko pamoja na wakubwa wangu. Wangetaka zaidi ya hapo ningebeba begi langu. Na kwa kuwa sinywi, nimepewa kazi isiyogombewa na mtu: kwenye sherehe za Jumamosi mimi ni mmoja wa wanaobaki na akili zao, nakagua vitambulisho mlangoni, maana huku pombe ni mwiko kwa aliye chini ya miaka 21, halafu nawarudisha waliozidiwa mabwenini kwao. Nimeona mengi, Mama. Mengine ni ya kumsimulia kaka tu.

Kuna jambo hukuniuliza ila najua Baba atauliza: watu weusi humo wanaonekanaje? Kwenye korido ya chini kuna fremu za picha, moja kwa kila mwaka. Kila kijana na uso wake, safu kwa safu, jina chini. Ukiingia mlango mkubwa ukaelekea jikoni unapita miaka, na kwa muda mrefu ni nyuso nyeupe tupu. Vyama vingi vya namna hii vilikuwa na vifungu vya katiba vya kupokea Wazungu Wakristo pekee, vingine hata baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1948 tawi moja kule Amherst, Massachusetts, lilisimamishwa na makao yake makuu kwa sababu tu lilimpokea mwanafunzi mweusi. Kwetu sisi uso mweusi wa kwanza unatokea karibu na mlango wa chumba cha kufulia.

Ndiyo maana weusi waliunda vyao. Alpha Phi Alpha ilizaliwa chuoni hapa Cornell tarehe 4 Desemba 1906, vijana saba. Mmoja wao, Vertner Tandy, baadaye akawa msanifu majengo mweusi wa kwanza kusajiliwa New York, na ndiye aliyechora jumba la Madam C. J. Walker, yule mwanamke mweusi aliyetajirika kwa bidhaa za nywele, kule Irvington. Martin Luther King alikuwa mwanachama. Nkrumah wa Ghana na Azikiwe wa Nigeria walikuwa wa chama kingine cha weusi, Phi Beta Sigma. Waafrika wenzangu kadhaa walinishangaa kwa nini sikwenda upande huo, na swali lao ni la haki. Jibu langu ni dogo: nilifuata watu niliokuwa nakula nao meza moja mwaka wa kwanza. Ila nawahusudu kwa jambo moja. Wao mtu akimaliza chuo haachi chama; anaingia tawi la watu wazima katika mji anaoishi, na kazi inaendelea. Lile kumbusho la King pale Washington lilianza kwa wazo la wanachama wa Alpha mwaka 1984. Bunge likatoa ruhusa mwaka 1996, likafunguliwa 2011, na gharama yake ilikuwa kama dola milioni 120. Walioshikilia jambo hilo miaka yote ni watu wenye kazi na wajukuu.

Kwetu watu hutawanyika. Kuwakusanya ndiyo kazi niliyopewa mwaka huu: katibu wa wahitimu. Nilidhani ni cheo cha jina tu. Kumbe nyumba yenyewe si mali yetu. Ni ya wahitimu, wameiandikisha kama kampuni isiyogawana faida, wana bodi, na wao ndio wanaoamua kuhusu paa, bima na boila, ule mtambo wa kupasha nyumba joto. Sisi ni wapangaji wao. Wakituchoka, tunatafuta vyumba mjini. Mama, wewe mweka hazina wa kufa na kuzikana hapo mtaani ungeielewa kazi hii kuliko mtu yeyote wa humu ndani. Daftari ndilo kila kitu. Jina likishatoka daftarini, mtu huyo hayupo.

Jedwali nililorithi lina safu za jina, mwaka wa kumaliza, anwani, simu, na mara ya mwisho kuzungumza naye. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayotia aibu. Kwa wengine imeandikwa 1994. Tunachapa jarida dogo mara mbili kwa mwaka, habari za tawi, ndoa, vifo, na picha ya boila jipya. Vijana wenzangu walitaka tuache karatasi, tutume barua pepe basi. Nilikataa. Waliomaliza juzi tunao kwenye makundi ya simu, jarida kwao ni pambo. Mzee wa miaka themanini hafungui barua pepe asiyoijua, lakini bahasha iliyoandikwa kwa mkono anaifungua.

Nyingine hurudi. Zinarudi na kibandiko cha njano cha posta, kwamba mwenyewe hapatikani. Posta ya huku kwa kawaida humfuata aliyehama na barua zake kwa mwaka mmoja, zaidi ya hapo mpaka alipie. Basi Jumatano usiku tunakaa wawili, tunatafuta. Tunaanza na matangazo ya vifo kabla hatujagusa simu, maana hakuna neno baya kama kumuuliza mjane kama mumewe atakuja kwenye mechi.

Tukimpata aliye hai, hatuanzi na pesa. Chuo kinamwomba, makao makuu yanamwomba, hata hospitali ya mjini kwake inamwomba. Akisikia sauti ya kijana wa Ithaca anasubiri utaje kiasi. Mimi nauliza alilala chumba gani. Hapo ndipo mtu anafunguka. Mmoja alilala ghorofa ya tatu, upande wa korongo, akaniuliza kama lile bomba la joto bado linagonga usiku. Nikapanda na simu mpaka juu, nikaiweka karibu na bomba. Lilikuwa linagonga. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akanipa namba za wenzake watatu tuliokuwa tumewaandika kuwa wamepotea.

Oktoba walikuja, wikiendi ya kukaribisha wahitimu, ile yenye mechi ya futiboli ya Kimarekani ambayo mpaka leo sijaielewa. Wapo waliokuja na makasha ya bia wakijifanya bado wana miaka ishirini. Hao ndio walionichosha, na ndio waliovunja kiti. Lakini alikuwepo mzee mmoja aliyesimama mbele ya fremu ya mwaka wake na kalamu, akawa ananionyesha mmoja mmoja bila kugusa kioo: huyu Vietnam, huyu moyo, huyu ajali, huyu hatujui. Mimi naandika. Yule "hatujui" tumempata wiki iliyofuata, yuko Arizona, anafuga nyuki.

Wengine si watamu hivyo. Mmoja alipoona jina langu chini ya barua aliandika kuuliza kama siku hizi chama bado kina wenyewe. Nilimjibu kwa adabu zote ulizonifundisha, nikambandikia na picha ya tawi zima, mimi katikati. Hajajibu. Ila mchango wake wa paa umefika.

Sasa lile ambalo hasa nilitaka ulisikie kutoka kwangu. Miongoni mwa niliowapigia alikuwepo mhandisi wa maji wa kule Rochester. Tulianza na habari za chumba chake, tukaishia kwenye masomo yangu, naye akanipa jina la mtu wa kumwandikia ofisini kwao. Kazi hakunipa, nimehojiwa mara mbili na watu wasiomjua, na maswali ya mara ya pili yalinitoa jasho. Wamenichukua kwa mafunzo ya vitendo ya kiangazi, yenye malipo. Mwanafunzi wa kigeni hafanyi kazi hivihivi, kwa hiyo ofisi ya wageni chuoni imeanza kushughulikia kibali changu, na wamenihakikishia kinawahi.

Maana yake Juni siji, Mama. Najua ulishaanza kuwaambia watu. Nitakuja Agosti in shaa Allah, wiki mbili kabla chuo hakijafunguliwa, na tiketi nitalipa mwenyewe, kwa hiyo zile pesa mlizoweka mumlipie mdogo wangu gharama za kidato cha tano.

Baba aliniambia kundi lao la waliosoma pamoja limebaki la salamu za Ijumaa na taarifa za misiba. Nimemtengenezea jedwali kama langu, nimelituma kwenye simu ya kaka. Safu ni chache. Aanze na wale anaowakumbuka chumba walicholala bwenini, namba za simu zitafuata.

Nguo sihitaji. Akitokea mtu wa kuja huku, naomba hiliki na ubuyu, na ubuyu uwe mwingi, maana kwenye nyumba ya vijana arobaini kitu hakifichiki.

Wasalaam,
mwanao