Wiki sita si tarehe ya kulipa deni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wanawake wengi tuliofanyiwa upasuaji wa viungo vya uzazi tumelinyamazia, nalo ni tendo la ndoa baada ya kutoka hospitalini. Mimi niliondolewa kizazi kwa sababu ya fibroidi, yaani uvimbe wa kizazi, zilizonitoa damu kwa miaka mingi. Siku ya kuruhusiwa nilielezwa namna ya kutunza kidonda, mizigo nisiyopaswa kunyanyua na dawa za kumeza, kuhusu unyumba niliambiwa tu, na muuguzi aliyekuwa akiandika bila kuinua macho, "Subirini wiki sita." Mume wangu aliipokea kauli hiyo kama tarehe, nami nikaihesabu kama deni.

Kizazi kinapoondolewa pamoja na shingo yake, sehemu ya juu ya uke hushonwa, na wiki sita ni muda wa kuuacha mshono huo ushikane, kwa kuwa kukutana kimwili mapema kunaweza kuufumua. Haina maana kwamba siku ya arobaini na tatu mwili huwa tayari. Bado kuna kovu linalovuta, na kuna misuli ya nyonga inayouzunguka uke ambayo, ikishaonja maumivu mara moja, hujikaza yenyewe kabla mwanamke hajaguswa, naye akadhaniwa kuwa amemchoka mumewe.

Aliyeondolewa ovari (vifuko vya mayai) zote mbili kabla ya umri wa kukoma hedhi ana mzigo mkubwa zaidi, na huyu ndiye ninayemwonea uchungu. Estrojeni, homoni ya kike inayotengenezwa na ovari, hushuka ghafla, hivyo mabadiliko ambayo wenzake huyapitia kwa miaka yeye humshukia kwa siku chache: joto la ghafla, usingizi wa kukatikakatika, na uke mkavu unaochubuka kwa urahisi. Wengi huvumilia wakidhani ndiyo basi tena, ilhali vipo vilainishi vya maji (vya mafuta huharibu kondomu za mpira), na ipo estrojeni ya kupaka ukeni kwa kiwango kidogo, ingawa aliyewahi kuugua saratani ya matiti hapaswi kuitumia kabla ya kushauriana na daktari wake. Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, naye anaweza kumfundisha kuilegeza misuli ya nyonga, maana ushauri wa kuikaza tu, unaotolewa kwa kila mtu, huweza kumzidishia maumivu ambaye misuli yake tayari imekaza.

Sisemi haya kumtisha anayesubiri upasuaji. Wengi waliokuwa wakiumia au kutokwa damu hufurahia tendo la ndoa kuliko zamani, na kinembe hakiguswi kizazi kinapoondolewa, kwa hiyo maneno ya mitaani kwamba mwanamke huyo "amebaki tupu" ni uzushi.

Ninachowaomba madaktari ni kulianzisha wenyewe suala hili kabla mgonjwa hajasaini fomu ya ridhaa, wamweleze iwapo ovari zitabaki, na katika kliniki ya marudio wamuulize akiwa peke yake kwanza, kisha pamoja na mumewe, mgonjwa mwenyewe akiridhia. Miezi mitatu baada ya upasuaji nilirudi. Daktari alilitazama kovu, akalibonyeza, akasema limepona vizuri, akamwita mgonjwa aliyefuata. Nilitoka na swali langu mdomoni.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi